Risasi Isiyo na Mlio

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo linalosemwa sana bungeni, katika semina za hotelini na hata katika vijiwe vyetu vya kahawa. Husemwa kwamba serikali ikibana mno kwa sheria za mazingira, wenye viwanda watafunga milango na watu watakosa kazi. Na ikilegeza mno, wenye viwanda hao hao watatutilia sumu. Kwa hiyo, wanasema wakubwa, tutafute mizani baina ya serikali na biashara. Maneno hayo ni mazuri, wala sidhani kama yuko mtu mwenye akili timamu atakayeyapinga. Swali langu ni moja tu: mizani hiyo anaishika nani? Muuza nyama na mnunuzi wote wawili wanataka mizani, lakini kila mmoja wao anajua fika kwamba mwenye kuishika ndiye mwenye kidole.

Ili kulijibu swali hilo nitawasimulia historia ya kitu ambacho wengi wetu tumekivuta puani kwa miaka mingi bila ya kujua, nacho ni petroli iliyotiwa risasi. Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Iko risasi itokayo katika mtutu wa bunduki, na yako madini mazito ya kijivu ambayo kwayo risasi hizo zilitengenezwa. Ile ya bunduki hulia, na watu wakakimbia. Hii nyingine haina mlio. Huingia mwilini kwa pumzi, kwa maji na kwa vumbi la mikononi mwa mtoto, ikakaa katika mifupa na kuudhuru ubongo. Mtoto haanguki. Anakua tu akiwa mzito wa kuelewa kuliko alivyojaliwa, na mzazi hajui kilichomfika.

Mwezi wa Desemba, mwaka 1921, mhandisi mmoja wa Marekani aitwaye Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya General Motors mjini Dayton, jimbo la Ohio, aligundua dawa ya ugonjwa uliokuwa ukiwasumbua watengenezaji wa magari. Injini za wakati ule zilikuwa zikigonga, yaani petroli iliwaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, injini ikatoa kishindo na kupoteza nguvu. Midgley alikuta kwamba kiasi kidogo tu cha mchanganyiko wenye risasi kikitiwa katika petroli, kugonga kule kunakoma. Mwezi wa Februari 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa mjini Dayton. Jina la kibiashara walilolichagua lilikuwa Ethyl. Neno risasi halikutajwa.

Kulikuwa na njia nyingine. Midgley na wenzake walijua vizuri kabisa kwamba spiriti, ile inayotokana na mahindi au miwa, ikichanganywa na petroli nayo huzuia injini kugonga. Lakini spiriti ilikuwa ikipikwa tangu zamani na mtu yeyote, kwa hiyo hapana kampuni iliyoweza kuimiliki peke yake kwa hataza. Risasi iliweza kumilikiwa. Mwaka 1924 General Motors na kampuni ya mafuta ya Standard Oil ya New Jersey wakaunda kampuni ya kuiuza.

Wala msidhani kwamba ubaya wa risasi ulikuwa haujulikani. Mwaka ule ule wa 1921, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mjini Geneva mkataba wa kukataza rangi yenye risasi nyeupe isitumiwe kupakia ndani ya majumba, kwa sababu mafundi rangi walikuwa wakipooza mikono na kufa. Midgley mwenyewe mwaka 1923 aliugua kwa sumu hiyo, akalazimika kuacha kazi kwa muda na kwenda mahali penye hewa nzuri ili apumzike.

Mwezi wa Oktoba 1924 mambo yalifichuka. Katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza dawa hiyo walianza kurukwa na akili. Watu walipiga kelele, wakaona vitu visivyokuwapo, wengine ikabidi wafungwe kamba. Watano walikufa na makumi ya wengine wakalazwa hospitali. Magazeti yalivuma, na mji wa New York ukapiga marufuku petroli hiyo. Ndipo Midgley alipowaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa dawa ile mbele yao na kuinusa, ili kuwaonyesha kwamba haina neno. Huyo ni mtu ambaye mwaka mmoja tu kabla ya hapo ilikuwa imemlaza.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo mizani ilipoanza kushikwa. Mwezi wa Mei 1925 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani aliitisha mkutano mjini Washington. Upande mmoja walikuwa wenye viwanda. Hoja yao ilikuwa kwamba nchi yao ni ya magari, maendeleo hayawezi kungoja, na mmoja wao aliita risasi ile kama zawadi itokayo kwa Mungu. Upande wa pili walikuwa wachache, akiwamo Daktari Alice Hamilton wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwanamke aliyekuwa bingwa wa maradhi ya viwandani. Yeye na wenzake walisema kwamba hatari ya kiwandani ni ndogo ikilinganishwa na hatari ya barabarani, ambako risasi hiyo itamwagwa kila siku, kidogo kidogo, mbele ya kila nyumba. Walitaka mwenye kuleta kitu kipya athibitishe kwanza kwamba hakidhuru.

Serikali iliunda kamati. Kamati ikawapima wanaume 252, wengi wao madereva na mafundi wa gereji, kwa muda wa miezi michache, na mwezi wa Januari 1926 ikatoa taarifa kwamba haikuona sababu ya kutosha ya kuipiga marufuku biashara hiyo. Hata hivyo kamati ilionya kwamba muda ulikuwa mfupi, na kwamba uchunguzi unapaswa kuendelea kwa fedha za umma. Wenye viwanda walilichukua lile la kwanza. Lile la pili likabaki katika karatasi.

Kwa muda wa takriban miaka arobaini iliyofuata, uchunguzi juu ya risasi katika petroli ulifanywa hasa na maabara moja mjini Cincinnati, chini ya Daktari Robert Kehoe, na maabara hiyo ililipiwa na makampuni yale yale yaliyokuwa yakiitengeneza na kuiuza. Wahenga walisema, kesi ya nyani, hakimu ngedere. Kehoe hakuwa mjinga wala sisemi kwamba alikuwa mwizi. Alikuwa na msimamo ambao, ukiusikia kwa mara ya kwanza, unaonekana kuwa wa haki: leteni ushahidi kwamba watu wanaumia, nasi tutaiacha. Lakini ushahidi ungeletwa na nani, ilhali fedha, vyombo na wagonjwa wote walikuwa mikononi mwake? Alisema pia kwamba risasi ni kitu cha kawaida katika mwili wa binadamu, na kwamba ikiwa chini ya kipimo fulani haina madhara. Alikwenda hadi Mexico kuwapima watu wa vijijini wasiokuwa na magari, akakuta nao wana risasi, akahesabu kwamba hoja imethibitika. Baadaye wengine walieleza kwamba watu wale walikuwa wakilia katika vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi ya kung'aa yenye risasi.

Aliyekuja kuivuruga hesabu hiyo hakuwa daktari wala mtu wa mazingira. Alikuwa mwanajiolojia, Clair Patterson, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta umri wa dunia kwa kupima risasi iliyomo katika mawe. Mwaka 1956 alitangaza jawabu lake, kwamba dunia ina umri wa miaka bilioni nne na nusu hivi. Lakini katika kazi hiyo alisumbuliwa na jambo moja: kila alipopima, risasi ilikuwa nyingi kupita kiasi, katika vumbi, katika maji, katika nywele zake mwenyewe. Ikambidi ajenge chumba safi kuliko vyote vilivyokuwako wakati ule ili apate kipimo cha kweli. Mwaka 1965 akaandika kwamba kiasi cha risasi kilichomo katika miili ya Wamarekani si cha kawaida hata kidogo, bali ni cha kuwekewa na binadamu wenzao. Baadaye yeye na wenzake walichimba barafu ya zamani huko Greenland, tabaka kwa tabaka kama mtu asomaye kitabu, wakaona jinsi risasi ilivyopanda pamoja na viwanda na magari. Alipoanza kusema maneno hayo, fedha za utafiti alizokuwa akipewa na jumuiya ya makampuni ya mafuta zilikatika, na mkataba wake na idara ya afya ya serikali nao ukaisha.

Naona tuuangalie vizuri ule mstari wa usalama, kwa sababu una somo kubwa. Miaka ya 1960 madaktari wa Marekani walisema kwamba mtoto hana haja ya kuhangaikiwa mpaka awe na mikrogramu 60 za risasi katika desilita moja ya damu. Mwaka 1975 wakasema 30. Mwaka 1985, 25. Mwaka 1991, 10. Mwaka 2012, 5. Mwaka 2021, 3.5. Na siku hizi Shirika la Afya Duniani linasema waziwazi kwamba hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama. Mtoto hakubadilika katika miaka hiyo sitini. Kilichobadilika ni kwamba watu wasiolipwa na muuzaji nao walipata nafasi ya kupima.

Hata hivyo ningekuwa mwongo kama ningewaambia kwamba serikali ndiyo malaika katika hadithi hii na wafanyabiashara wote ni mashetani. Serikali ya Marekani ililala usingizi kwa miaka zaidi ya arobaini, na ilipoamka ilisukumwa na wananchi. Mwaka 1970 ilipitisha Sheria ya Hewa Safi, na ikaunda idara maalumu ya kulinda mazingira. Magari mapya yakatakiwa yawe na kifaa cha kusafishia moshi katika ekzosi, na kifaa hicho huharibiwa na risasi. Hivyo kuanzia 1974 vituo vikubwa vya petroli vililazimika kuuza pia petroli isiyo na risasi. Kampuni ya Ethyl ilikwenda mahakamani kupinga amri ya kupunguza risasi, na mwaka 1976 ikashindwa. Majaji walikubali kwamba serikali inaweza kuchukua hatua pale penye hatari kubwa, hata kabla ya kila shaka kuondoka. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa mtoto ambaye ubongo wake umekwisha kudhurika, tiba yenyewe haiko.

Kati ya mwaka 1976 na 1980, risasi iliyotumiwa katika petroli ilipungua, na wastani wa risasi katika damu za Wamarekani ukashuka kwa asilimia 37. Kitu ambacho Kehoe alisema ni cha maumbile kilikuwa kikiondoka kadiri pampu zilivyobadilishwa.

Mwaka 1982 serikali mpya, iliyoahidi kuwapunguzia wafanyabiashara mzigo wa sheria, ilitaka kulegeza kamba. Madaktari na wazazi wakapiga kelele, na wataalamu wa uchumi wa serikali yenyewe wakaketi kupiga hesabu. Walihesabu gharama za matibabu, gharama za kuwasomesha watoto waliodhurika, na hata gharama za injini na ekzosi zinazooza upesi kwa ajili ya risasi. Wakakuta kwamba faida ya kuiondoa ni kubwa mara nyingi kuliko gharama ya wenye viwanda. Badala ya kulegeza, serikali ile ile ikakaza: kufikia Januari 1986 kiasi kilichoruhusiwa kilikuwa gramu 0.1 tu kwa galoni, kutoka gramu 1.1 miaka michache kabla.

Na hapa wenye viwanda wanastahili kusikilizwa, maana walisikilizwa na kazi ikafanyika. Walilalamika kwamba viwanda vikubwa vya kusafishia mafuta vinaweza kubadili mitambo upesi, lakini vile vidogo vitakufa. Serikali haikuongeza sumu kwa sababu ya malalamiko hayo. Iliweka kipimo na tarehe, kisha ikawaruhusu kuuziana haki. Kiwanda kilichopunguza risasi kuliko ilivyotakiwa kiliweza kukiuzia kiwanda kilichochelewa ile nafasi iliyobaki. Utaratibu huo ulifungwa mwishoni mwa 1987, kazi yake ilipokuwa imekwisha. Mwaka 1996 petroli yenye risasi ikapigwa marufuku kabisa katika magari ya barabarani ya nchi ile.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa mizani. Serikali inasema ni kiasi gani na ni lini, na haibabaiki. Mfanyabiashara anaachiwa aamue kwa njia gani, kwa sababu yeye ndiye anayekijua kiwanda chake. Jambo hili si geni. Mwaka 1863 Waingereza walitunga sheria juu ya viwanda vya magadi vilivyokuwa vikitoa moshi wa asidi na kuua miti na mazao ya mashamba ya jirani. Kabla ya hapo mkulima alikwenda mahakamani peke yake, akaulizwa ni dohani ipi kati ya hizi ishirini iliyounguza shamba lako, naye hakuwa na jawabu. Sheria ilisema kila kiwanda kinase asilimia 95 ya mvuke huo. Namna ya kuunasa ni shauri la mwenye kiwanda. Ikateua mkaguzi mjuzi wa kemia, Robert Angus Smith, asiyelipwa na viwanda. Viwanda vikaweza, na baada ya muda asidi iliyonaswa ikawa mali yenyewe, maana ilitengenezewa dawa ya kung'arishia nguo na karatasi. Lakini viwanda vilipoongezeka, ile asilimia 5 iliyobaki nayo ikawa nyingi, na mwaka 1874 ikabidi sheria ikazwe. Mizani ya mwaka huu si lazima iwe mizani ya mwaka ujao.

Turudi nyumbani, ndugu wasikilizaji. Marekani ilipokuwa ikiiondoa risasi, na Ulaya ikifuata, sisi huku tuliendelea kuinunua. Miaka ile ya 1990, wakati Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam zikijaa magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo, petroli yetu ilikuwa bado inatiwa ile ile dawa ambayo watoto wa wakubwa wa dunia walikuwa wamekingwa nayo. Waliolipa zaidi ni wale waishio barabarani: makanga wa matatu, utingo wa daladala, mama auzaye mahindi ya kuchoma kwenye kituo cha basi na mtoto mgongoni. Soko likifungwa kwa sheria mahali pamoja, bidhaa huhamia pale pasipo na sheria. Na wako waliohakikisha kwamba sheria inachelewa. Mwaka 2010 kampuni ya Innospec, iliyokuwa ikitengeneza dawa hiyo Uingereza, ilikiri makosa mahakamani kwamba ilitoa rushwa kwa maofisa wa Iraki na Indonesia ili waendelee kuinunua.

Mwezi wa Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara walikutana Dakar, wakaazimia kuiondoa risasi katika petroli kabla ya mwaka 2005 kwisha. Mwaka uliofuata ushirika wa serikali, makampuni ya mafuta, watengenezaji wa magari na vyama vya raia ulianzishwa, na ofisi yake ikawa katika Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, Gigiri, Nairobi. Ziko hoja tulizozisikia wakati ule. Tuliambiwa magari yetu ni mitumba, valvu zitaungua, injini zitakufa njiani. Tuliambiwa mitambo ya kusafishia mafuta, kama ule wa Changamwe uliojengwa tangu miaka ya 1960, ni ya zamani na haiwezi. Hoja hizo hazikuwa za kipuuzi, na mafundi walio waaminifu waliziogopa kwa dhati. Lakini ilipofika tarehe 1 Januari 2006, nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimekwisha kuacha. Asubuhi ile matatu ziliwaka, daladala zikaenda zake, na bei ya nauli haikupanda kwa sababu ya risasi. Jambo lililosemwa kuwa haliwezekani lilifanyika katika muda wa miaka minne na nusu, mara tu lilipopewa tarehe.

Nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, iliyoacha Julai 2021. Ni karibu miaka mia moja tangu siku ile ya Desemba huko Dayton. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba hatua hiyo inaokoa watu zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka wasife kabla ya siku zao.

Ningependa kuishia hapo kwa furaha, lakini siwezi. Mwaka 2007, mwaka mmoja tu baada ya risasi kuondoka katika pampu zetu, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi Mombasa, ukutani mwa kijiji cha maskini kiitwacho Owino Uhuru. Kilikuwa kikitoa risasi katika betri hizo ili iuzwe nje, na kilipewa heshima ya viwanda vya mauzo ya nje. Kilileta ajira, na maofisa waliona ajira. Moshi wake ulishuka juu ya mabati, na maji yake machafu yakapita kati ya nyumba. Mfanyakazi wake mmoja, Phyllis Omido, alitakiwa asimamie ripoti ya mazingira, naye akashauri kwamba kiwanda hakistahili kukaa pale. Hakusikilizwa. Baadaye mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi. Aliacha kazi, akawakusanya majirani, wakaandamana, akakamatwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Yeye akatunukiwa tuzo ya Goldman mwaka 2015.

Kesi ya wanakijiji iliamuliwa Julai 2020. Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Na neno la kuzingatia ni kwamba haikuwatia hatiani wenye kiwanda peke yao. Vyombo vya serikali vilivyopaswa kukizuia, ikiwamo mamlaka ya mazingira, navyo vilipewa sehemu ya mzigo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi wa fidia, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Miaka kumi na saba ilikuwa imepita tangu moshi wa kwanza. Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka ule wa 2007 alikuwa anakaribia kuchukua kitambulisho.

Mtaniuliza, je, Kenya haikuwa na sheria? Ilikuwa nayo. Sheria kuu ya mazingira ilipitishwa mwaka 1999, ikataka mradi wowote wa namna hiyo ukaguliwe kabla ya kuanza. Kilichokosekana si kitabu. Kilichokosekana ni mtu wa kushika mizani asiyekuwa na hisa katika bidhaa. Na hili nawaambia wafanyabiashara pia, wale waadilifu, ambao ni wengi kuliko tunavyodhani. Mkaguzi akinunulika, anayeumia wa kwanza ni mwekezaji aliyetumia fedha zake kuweka vichujio, kwa sababu mshindani wake asiyeweka atauza kwa bei ya chini. Sheria inayotekelezwa kwa wote ndiyo kinga ya mfanyabiashara mwaminifu. Na mfanyabiashara ana haki ya kudai tarehe inayojulikana, kipimo kisichobadilishwa kila waziri anapobadilishwa, na mkaguzi anayekuja na kifaa cha kupimia, si na mkono ulionyooshwa. Hana haki ya kudai kwamba yeye ndiye awe mpimaji.

Kwa hiyo nionavyo mimi, siku nyingine mtakapomsikia mkubwa fulani akisimama na kusema tunatafuta mizani baina ya mazingira na uchumi, msimpigie makofi upesi, wala msimzomee. Muulizeni. Nani alipima? Nani alimlipa aliyepima? Kabla kitu hiki hakijaletwa, nani alitakiwa kuthibitisha: mwenye kukileta au mwenye kukivuta? Kama kuna njia nyingine, kwa nini imeachwa. Ni kwa sababu haifai, au ni kwa sababu haina mwenye kuimiliki? Na kipimo kitaangaliwa tena lini?

Maswali hayo hayahitaji shahada. Alice Hamilton aliyauliza mwaka 1925 katika ukumbi uliojaa mabwana, na Phyllis Omido akayauliza tena mlangoni mwa kiwanda Mombasa. Betri kuukuu bado zinapasuliwa katika miji yetu, na kabla ya leo kwisha ziko zitakazopasuliwa uani mwa mtu, kwa shoka, watoto wakicheza karibu. Ikiwa uani huo uko mtaani kwako, unajua pa kuanzia.